Nguzo Moja, Neno Moja

6 Januari

Mdogo wangu Breki,

Salamu zitakuja mwishoni, kwanza ugomvi. Anayeshika kalamu ni jirani yangu Karani, yule mstaafu wa ofisi ya ardhi, kama ilivyo siku zote. Mimi nasema, yeye anaandika. Ukikutana na neno zuri ni lake, mengine yote ni yangu.

Mkeo alipita hapa akienda kwao. Nilimuuliza habari zako, akalia. Ndipo nikajua kwamba una kisukari, kwamba vidole vya miguu vinakufa ganzi, na kwamba daktari amekwambia utembee kila siku upunguze hilo tumbo, la sivyo utakuja kupoteza miguu na macho. Na wewe mwezi uliopita uliniandikia kwamba afya ni njema, ila tairi limeongezeka upepo kidogo! Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekasirika mpaka Karani amesogeza kiti.

Sasa sikiliza na langu. Mzee wa Meza, yule mkataji wetu, anastaafu mwisho wa mwaka. Unajua nimekaa kwenye cherehani ileile miaka kumi na tisa. Unajua naweza kumtazama mtoto akipita nikakata sketi yake bila kumgusa. Nikaenda kwa Madamu mwenye karakana, nikasema meza ya kukatia naiweza. Akaniuliza, "Karatasi ya oda utaisoma?" Nikamwonyesha mikono yangu. Akasema, "Mama, mikono yako naijua. Lakini meza ni ya anayesoma. Desemba kutakuwa na mtihani." Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo, na unajua mdomo wangu haufungiki.

Naitaka ile meza, Breki. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nizaliwe.

Kwa hiyo tupatane. Mimi nitajifunza kusoma na kuandika. Wewe utatembea. Kila mmoja amtumie mwenzake ushahidi. Mimi nitakuandikia barua kwa mkono wangu. Wewe utazungusha kamba kiunoni, kwenye kitovu na si kule chini unakoficha tumbo, utaikata zinapokutana ncha, utanitumia. Usijaribu kunidanganya. Nimekushonea suruali miaka thelathini.

Msalimie wifi. Usimgombeze kwa kuniambia.

Dada yako,
Sindano

(Karani anakusalimu. Anasema yeye hahusiki na ugomvi huu.)


22 Januari

Dada yangu Sindano,

Shikamoo. Waliokupa jina hilo hawakukosea, barua yako imenichoma tangu mstari wa kwanza. Nilimuuliza mke wangu kwa nini siri za ndani zimetoka nje. Akajibu kwamba zimetoka kwa sababu ndani hakuna nafasi tena, pamejaa tumbo.

Dada, nimeendesha lori miaka ishirini na saba. Miguu yangu kazi yake ilikuwa kukanyaga. Nikishuka ni kula, nikishiba ni kupanda. Tangu nistaafu nakaa barazani kwenye kiti nilichong'oa kwenye lori bovu, kina springi nzuri, na dunia inapita mbele yangu bila kunisumbua. Leo unasema nitembee. Niende wapi?

Lakini nimeanza. Barabara yetu ina nguzo za umeme mpaka sokoni. Jumatatu nilitembea hadi nguzo ya kwanza. Mke wangu alisimama mlangoni ameshika kiuno kama trafiki. Niliporudi nilikuwa natweta mpaka jirani akauliza nani amefariki. Leo nimefika ya pili. Nimejiwekea sheria: kila wiki naongeza nguzo moja, basi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe fanya hivyohivyo. Neno moja kwa siku. Anza na yale ya kwenye karatasi ya oda: kiuno, kifua, bega, urefu. Mikono yako inayajua tayari, ni macho tu hayajatambulishwa.

Kamba hii hapa. Nimepima kitovuni, mke wangu shahidi. Usiwaonyeshe watu wa karakana.

Mdogo wako,
Breki


27 Februari

Kwa Ndugu Breki,

YAH: MAENDELEO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Rejea barua yako ya tarehe 22 Januari. Ninayo heshima kukujulisha kwamba masomo yangu yanaendelea kwa kiwango cha kuridhisha, na kwamba barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kama unavyoona kwenye mwandiko, ambao ni mbaya.

Hadi kufikia tarehe ya leo maneno arobaini yameshughulikiwa. Kamba yako imepokelewa, imepimwa na kuhifadhiwa. Urefu wake unasikitisha.

Nakutakia utekelezaji mwema wa zoezi la kutembea.

Wako mtiifu katika undugu,
Dada Sindano


14 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nina furaha kubwa. Nguzo nane! Watu wamezoea kuniona, wengine wananipungia mkono. Ganzi imepungua, usingizi ni mtamu, na soda nimeiaga kabisa, tukikutana njiani hatusalimiani. Kamba ya mwezi huu naambatanisha. Ukiilinganisha na ile ya kwanza utaona imepungua vidole vinne vizima. Sitaki kujisifu, nimeandika tu ukweli.

Na hongera kwa barua yako. Sikujua kwamba cherehani inamfundisha mtu kusema "ninayo heshima."

Ndani ya kifurushi kuna kitu kidogo kutoka kwa wifi yako, sijui ni nini, amekifunga mwenyewe.

Breki, mwana wa barabara


(Kikaratasi ndani ya kifurushi hichohicho)

Wifi yangu, hizi suruali zake mbili zimembana, ya kijivu haifungi kabisa. Naomba uziachie kiunoni, vidole viwili au vitatu hivi. Asante. Wifi yako.


30 Machi

Breki!

Karani anaandika, na leo nimemwambia aandike kwa herufi kubwa nitakapopiga meza.

Kamba imepungua vidole vinne. Suruali zinaomba kuongezwa vidole vitatu. Mimi ni fundi, mdogo wangu, si mtoto. Hakuna kiuno duniani kinachopungua na kuongezeka siku moja, kwenye kifurushi kimoja! Kamba umeipunguza kwa mkasi baada ya kupima. Tena ncha yake inaonyesha ulitumia mkasi butu wa jikoni.

Sijacheka. Hapana, nimecheka, Karani shahidi, nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikalia. Kwa sababu kama unanidanganya mimi kwa kamba, daktari unamdanganya kwa kitu gani? Na mkeo? Nguzo nane, kweli? Uliziona kwa miguu au ulizihesabu ukiwa kwenye kile kiti chako?

Suruali sitaziachia. Nimezirudisha kama zilivyo. Ukitaka kuzivaa, zifuate.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeshikwa. Sina la kujitetea.

Ukweli ni huu. Nilifika nguzo ya tatu. Pale kuna fundi saa mwenye benchi refu, akanikaribisha nipumzike, na tangu siku hiyo nguzo yangu ya nne ikawa benchi lake. Nilikuwa natoka nyumbani mke wangu akiniona, nakaa pale saa nzima, narudi nimejipaka maji usoni.

Si uvivu peke yake. Siku niliyokuwa naelekea ya nne, kiatu kilinitoka mguu wa kushoto nami sikujua. Nilitembea hatua nyingi na soksi mpaka mama mmoja akanifuata na kiatu mkononi. Dada, sikuhisi kitu. Niliogopa kuliko siku lori lilipokataa kusimama mteremkoni. Nikasema moyoni, kumbe miguu imeshaondoka, natembea kumfurahisha nani? Nikaona heri nikae.

Sasa nimesema. Na wewe sema. Barua yako ya Februari ina YAH. Ina "Rejea." Mwishoni umekuwa mtiifu! Miaka hamsini na miwili nimekuwa mdogo wako, sijawahi kuona utiifu wako hata wa bahati mbaya. Ile barua ameiandika Karani kwa mkono wa kushoto.

Breki


25 Aprili

Mdogo wangu,

Ni kweli, ni mkono wa kushoto wa Karani. Anajitetea hapa kwamba nilimlazimisha. Nilimlazimisha.

Nilikwenda darasa la watu wazima mara mbili tu. Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, baada ya kazi. Mwalimu ni binti anayeweza kuwa mjukuu wangu. Aliandika ubaoni, wenzangu wakasoma, mimi nikaona minyoo. Nilitokwa na jasho kama niko jikoni. Kazini mimi ndiye wanayemuuliza kila kitu, na pale nilikuwa sijui hata kalamu inashikwaje. Aibu ilinizidi nguvu. Nikasema sitarudi.

Kumbe wote wawili tulikaa kwenye benchi la fundi saa.

Basi tuanze upya, na safari hii bila hila. Mwonyeshe daktari hiyo miguu na umweleze habari ya kiatu. Neno lako la kwanza kwake liwe la kweli. Ukishatoka huko, nguzo ya nne. Mimi Jumanne narudi darasani. Barua nyingine haitatoka kwangu mpaka niiandike mwenyewe, hata ikichukua mwaka.

Karani amefurahi. Anasema mkono wake wa kushoto umechoka.

Sindano


19 Juni

Breki.
Mimi Sindano.
Naandika mwenyewe.
Kichwa kinauma.
Tembea.


3 Julai

Dada yangu, dada yangu,

Barua yako ina maneno manane nami nimeisoma tangu asubuhi. Ilikuwa na vumbi la chaki ya fundi, imepaka vidole vyangu rangi ya samawati. Nimemsomea mke wangu, nimemsomea fundi saa, nimemsomea hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Mke wangu anasema ni barua yako ya kwanza isiyo na tusi. Nikamwambia subiri, akipata maneno zaidi utaona.

Daktari nilimweleza yote. Hakunigombeza. Akanipa viatu vipana, akanifundisha kukagua nyayo kila jioni kwa kioo, na dawa akazipanga upya. Akasema miguu haijaondoka, imesinzia tu, na anayesinzia huamshwa.

Leo nimefika nguzo ya kumi na moja. Kweli. Benchi la fundi saa nalipita kwa salamu tu, naye ananiita msaliti.

Sasa kichekesho. Kati ya nguzo ya tisa na ya kumi kuna uwanja wa chuo cha udereva. Kila siku napita naona wanavyofundishwa kurudi nyuma. Aibu tupu! Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilishika uzio nikapiga kelele, "Usitazame usukani, usukani hauna macho! Tazama kioo!" Yule mwanafunzi akatazama kioo, akarudi nyuma akanyooka kama rula. Mwenye chuo akatoka. Nilidhani ananifukuza. Akaniuliza nimeendesha miaka mingapi.

Naanza Jumatatu. Saa tatu kila asubuhi. Sitalipwa kama zamani, lakini nitalipwa kwa kukemea watu, kazi ambayo wewe umeifanya bure maisha yako yote.

Kamba naambatanisha. Imepungua kidole kimoja tu. Ni kidole halali.

Breki


8 Septemba

Breki mdogo wangu,

Salamu. Naandika polepole. Nina njia yangu. Kila asubuhi Karani ananipa neno moja. Naliandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Nakiweka kando ya cherehani. Nikishona nalitazama. Jioni nalifuta. Kama bado naliona baada ya kulifuta, ni langu. Sasa nina maneno mengi.

Nina habari mbaya pia. Pale kazini kuna Bwana Cheti. Amesoma ushonaji chuoni miaka miwili. Anataka meza. Mwezi uliopita alichukua kitambaa changu chenye neno. Aliwaonyesha watu. Alisema, mama yetu anajifunza a, e, i. Walicheka. Hata waliokula chakula changu walicheka.

Sijaenda darasani wiki mbili. Sitaki kukudanganya tena, ndiyo maana nasema. Nina miaka hamsini na minne. Labda nimechelewa. Cherehani yangu si mbaya.

Dada


17 Septemba

Dada,

Shikamoo, halafu nisamehe, leo ni zamu yangu kugomba.

Barua yako nimeihesabu mistari, imefika ukurasa mzima. Juni uliandika maneno manane na kichwa kikauma. Aliyechelewa anatoka wapi na ukurasa mzima? Bwana Cheti alisoma kwanza akashika mkasi baadaye. Wewe umeshika mkasi miaka yote, sasa unasoma. Akikutana na kitambaa kisichofanana na daftari lake atamuuliza nani? Atakuuliza wewe!

Mimi wanafunzi wangu wakinizimia gari katikati ya uwanja nawaambia jambo moja. Gari likizima halirudi lilikotoka, linabaki palepale. Unawasha, unaendelea. Wewe umezima tu, hujarudi nyuma.

Alhamisi nenda darasani. Nakuomba. Hujui ninavyokuomba. Kuna sababu ambayo siwezi kuiandika sasa, na ukifaulu nitakuwa na hali ngumu kuliko ukishindwa, lakini nenda.

Nguzo ya kumi na tisa. Ile suruali ya kijivu imefunga. Ninapumua ndani yake, ingawa si sana.

Breki


2 Oktoba

Breki,

Nimekwenda. Nimekaa. Mwalimu hakuuliza nilikuwa wapi, alinipa chaki tu.

Sijaelewa hiyo sababu yako. Una deni la mtu? Unaumwa tena? Usinifiche. Barua yako nimeisoma peke yangu, Karani hakuiona kabisa. Ilinichukua jioni mbili. Mara ya kwanza nilidhani umeandika nimezimia, nikakasirika.

Mtihani ni tarehe 10 Desemba.

Sindano


11 Desemba

Mdogo wangu Breki,

Kaa kwenye kiti chako cha lori, hii ni ndefu.

Tulikuwa watatu: mimi, Bwana Cheti, na mama wa vifungo. Madamu alitupa kila mmoja karatasi ileile ya oda, sare za shule, na mrundo wa kitambaa tabaka kumi kumi. Unasoma, unachora kwa chaki, unakata. Kitambaa kikikatwa kimekatwa, hakuna cha kusamehewa.

Bwana Cheti alimaliza kabla ya chai. Alikwenda kukaa dirishani anapiga mluzi. Mama wa vifungo alimaliza mchana. Mimi nilikuwa bado nafuata mstari kwa kidole. Nilisikia watu wakinong'ona, lakini kidole sikukiinua. Madamu akaja akasema, "Mama, tunataka kufunga karakana." Nikamwambia, "Fungeni, mimi bado nasoma." Breki, nilipolisema hilo neno mwili wote ulinisisimka. Bado nasoma! Mimi!

Nikafika mstari wa tano nikakwama. Nikarudi. Nikausoma tena, nikausoma kwa sauti ya chini kama tunavyofanya darasani. Sketi za darasa la kwanza, kiuno sentimita sabini na tano. Mstari wa kumi na moja, sketi za darasa la saba, kiuno hamsini na nane. Niliweka mkasi chini nikasema, "Hii sikati."

Madamu akauliza kwa nini, sasa amekasirika. Nikasema, "Karatasi inasema uongo. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kiuno cha sabini na tano sijamzaa wala sijamwona. Hicho ni kiuno ambacho mdogo wangu dereva anakitafuta mwaka mzima na hajakipata." Watu walicheka, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Madamu alikwenda ofisini akaleta karatasi iliyotoka shuleni. Aliitazama, akaitazama yetu. Aliyenakili alibadilishanisha mistari hiyo miwili. Na aliyenakili ni yeye mwenyewe. Hakuweka mtego, alikosea kweli, na Jumatatu oda nzima ya sketi mia sita ingekatwa vilevile.

Mama wa vifungo alishika kichwa. Bwana Cheti akafunua mrundo wake. Sketi kumi za darasa la kwanza, kila moja mtoto angeingia pamoja na mwalimu wake. Alisema alifuata maandishi. Ni kweli alifuata. Kusoma anajua, tena haraka kuliko mimi. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Madamu hakutoa hotuba. Aliniambia, "Kesho saa moja, mezani." Mzee wa Meza akavua aproni yake akanifunga mwenyewe mgongoni. Ni ndefu, inanifika kwenye vifundo. Nimekataa kuipunguza.

Mshahara unaongezeka nusu yake. Nitaezeka upya jiko, linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Na nitanunua miwani.

Barua hii nimeiandika mwenyewe yote, kwa siku moja, na kichwa hakiumi.

Dada yako,
Mkataji


28 Desemba

Dada yangu Mkataji,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kiti cha lori nimempa fundi saa. Nilipofika pale uliposema bado nasoma, nilishindwa kuendelea, mke wangu akamalizia. Nimefurahi mpaka nimeumwa na mashavu.

Kwanza habari njema zangu, uzipate kabla ya nyingine. Daktari amepima, sukari imetulia miezi mitatu mfululizo, dawa moja ameiondoa. Vidole vinahisi mchanga, vinahisi baridi, juzi nilikanyaga kijiwe nikaruka kwa maumivu nikamshukuru Mungu. Naenda hadi sokoni kwa miguu na kurudi. Nina wanafunzi sita, na wawili wamepata leseni.

Sasa, dada, kaa chini wewe. Kama Karani yupo hapo, mwambie atoke.

Mwaka ule mwalimu alipokuja nyumbani na daftari la kuandikisha watoto, wewe ulikuwa na miaka minane, mimi sita. Umeishi ukijua kwamba Baba alichagua mvulana. Hakuchagua. Mimi nilikuwepo. Alisema, "Mwaka huu nina uwezo wa mmoja. Aanze binti, ndiye mkubwa." Wewe ulikuwa kisimani. Baba akaniambia, "Kimbia kamwite dada yako, mwalimu ana haraka."

Nilikimbia hadi nyuma ya banda la kuku. Nikakaa pale. Niliitaka ile shule, dada, niliitaka kalamu na mkoba na viatu. Baada ya muda nikarudi mbio, natweta kama niliyetoka mbali, nikasema, "Dada amesema hataki."

Mwalimu akaandika jina langu. Uliporudi na ndoo kichwani daftari lilikuwa limeshafungwa, na Baba alikuwa na huzuni ambayo wewe uliiona kama ukali. Alikufa akiamini ulikataa.

Barua hii nimeianza mara nyingi mno. Lakini barua zako zote zilisomwa na watu, Karani, na kabla yake muuza duka, na kabla yake mama mchungaji. Ningekuambiaje jambo hili kwa mdomo wa mtu mwingine? Na ana kwa ana nilikuwa mwoga, kila nilipokuja ulinishonea suruali. Nikajifariji kwamba kwa kuwa husomi, sina njia. Ndiyo, nilijificha humohumo ndani ya jambo nililokufanyia.

Ndipo ukasema unataka kusoma. Kila neno ulilolipata lilikuwa hatua moja kuja nilipojificha. Nilipokuomba Septemba urudi darasani nilikuwa naogopa, na nilikuwa nataka ufike.

Umefika. Sina la kuongeza. Sikuombi unisamehe haraka.

Mdogo wako


19 Januari

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Mwenyewe. Karani aliuliza kuna nini nikamwambia ni barua yangu.

Siku tatu sikutaka kusikia jina lako. Ningekuwa na gari ningekuja kukupiga. Sikukasirika kwa ajili ya shule peke yake. Nilikasirika kwa ajili ya Baba. Nilimnunia mpaka akaingia kaburini. Siku anaumwa nilimpelekea uji nikauweka mlangoni nikaondoka. Kumbe na yeye alikuwa ananisubiri niseme kwa nini nilikataa. Hilo ndilo lililoniliza, na bado linaniliza, na nataka ujue hivyo.

Siku ya nne nilikwenda kazini nikakata sketi mia moja na ishirini bila kosa hata moja. Nilikuwa nakata huku nasema moyoni, "Aanze binti, ndiye mkubwa." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko zote nilizowahi kusoma. Baba alinitaja mimi kwanza. Miaka arobaini na sita sikuwa na baba wa namna hiyo, na sasa ninaye, kwa sababu najua kusoma. Huwezi kuninyang'anya tena, wala mtu mwingine yeyote.

Ulikuwa na miaka sita. Hilo nimelifikiria pia. Halafu nikafikiria kwamba baada ya hapo ulikuwa na ishirini, na thelathini, na hamsini. Kwa hiyo umesamehewa nusu. Nusu nyingine utaifanyia kazi.

Njoo mwezi ujao na wifi. Kutoka stendi mpaka kwangu utembee, ni mbali, nami nitasimama mlangoni kukutazama. Uje siku ya Alhamisi. Saa kumi tunakwenda darasani pamoja, nimeshamwambia mwalimu kwamba namleta mdogo wangu aliyesoma zamani.

Utakaa nyuma. Mbele nakaa mimi.

Dada yako